Mzee Pua na Maji Yanayopanda Mara ya Pili

Tarehe thelathini ya mwezi huu, mwenzetu tunayemwita Mzee Pua anastaafu baada ya kulitumikia jengo letu kwa miaka ishirini na sita. Jina lake halisi lipo kwenye kitambulisho, na dada wa mapokezi anaapa kwamba aliwahi kuliona. Sisi wengine tumemjua kwa hilo la pua, naye amelizoea kiasi kwamba ukimwita kwa jina la nyumbani hageuki.

Kazi ya kuandika habari zake nimepewa mimi karani kwa sababu, kama alivyosema meneja, dawati langu ndilo lililo karibu zaidi na ngazi za kwenda chini. Ni kweli. Miaka yote hii nimevisikia viatu vyake vya mpira vikishuka asubuhi na kupanda jioni, kwa mwendo uleule wa mtu asiyedaiwa.

Alipoajiriwa alikuwa fundi bomba wa kawaida. Huko chini hapakuwa na kitu zaidi ya tangi moja la maji safi na rundo la viti vilivyovunjika miguu. Maji ya mji yalikuja yanapojisikia. Yasipokuja, liliitwa lori la maji, likaziba njia ya kuingilia, madereva wakapigiana honi, na wakazi wakashuka na ndoo wengine wamejifunga taulo tu. Kisha ukaja ule mwaka wa ukame mkali na malori nayo yakaadimika. Daktari wa meno wa ghorofa ya nne alifunga kliniki. Familia mbili zilihama. Vyoo vya ofisi za ghorofa ya pili vilikuwa na hali ambayo jarida hili haliwezi kuieleza.

Hapo ndipo chama cha wenye nyumba kilipomleta mhandisi, mwanamke mpole mwenye sauti ndogo, ambaye wengi wetu tunamfahamu mpaka leo. Alieleza mpango wake kwenye mkutano. Maji ya kuogea, kunawia na kufulia yasiachwe yapotee mtaroni. Yakusanywe chini, yasafishwe, yapandishwe tena juu kwa bomba la peke yake, yatumike kusukuma vyoo, kudeki sakafu na kumwagilia maua ya barazani. Maji ya vyooni yenyewe yaendelee kutoka nje kama zamani, na maji ya kunywa na kupikia yasiguswe kabisa.

Kwa taarifa ya wale wanaodhani Mzee Pua ndiye mwasisi wa mtambo huu, siku ile alikuwa mpinzani wake mkuu. Alisimama na bisibisi mfukoni.

“Mama mhandisi,” alisema, “nimefanya kazi ya bomba tangu nilipokuwa na nywele. Kazi yangu ni kuyaondoa maji machafu kwenye nyumba za watu. Sasa wewe unataka niyarudishe?”

Watu walicheka sana. Mhandisi alingoja wamalize.

“Nataka uuondoe uchafu, baba. Maji yenyewe ndiyo uyarudishe.”

Hakushawishika, lakini mabomba yalihitaji kulazwa na fundi alikuwa ni yeye. Alilaza mabomba ya zambarau kutoka chini hadi paani, sambamba na yale meupe ya maji safi, na kwa hofu aliyokuwa nayo ya kuyachanganya, alikagua kila kiungo kwa rangi ya chakula: alimimina rangi ya kijani kwenye bomba la zambarau, akapanda kila nyumba kufungua bomba la jikoni kuona kama rangi ingetokea. Haikutokea mahali popote. Kuna mama mmoja alimwuliza anatafuta nini kwenye sinki lake kwa makini namna ile. Akamjibu, “Natafuta nisichotaka kukipata.”

Mtambo ulipowashwa na yeye kupewa usimamizi wake, upinzani ukamwisha taratibu, akaanza kuupenda kama mtu anavyompenda mbuzi aliyemkataa mwanzoni. Ndani ya matangi mawili makubwa mna vijidudu visivyoonekana kwa macho, ambavyo hula uchafu mradi tu vipulizwe hewa bila kukatika. Mzee Pua alivipa cheo. Aliviita wafanyakazi. Kila asubuhi alifunua kifuniko cha tangi, akainama, akavuta pumzi ndefu, kisha akatoa taarifa kwa yeyote aliyekuwa karibu: “Leo wameamka vizuri,” au, “Leo kuna aliyewalisha vibaya.” Mtambo ukiwa mzima hunukia udongo uliolowa mvua. Yeye aliweza kusikia tofauti kabla ya mashine yoyote kuonyesha kitu. Aliwahi kupanda moja kwa moja hadi saluni ya ghorofa ya kwanza na kuwaomba, kwa heshima zote, wapunguze ile dawa mpya ya nywele. Walishangaa, maana walikuwa wameifungua siku ileile. Jina la Pua likaanzia hapo.

Hatuwezi kuacha kutaja kisa cha povu. Mkazi mmoja wa ghorofa ya nane, ambaye tumemwahidi kutomtaja, alifua mazulia yake yote kwa siku moja na kumaliza katoni nzima ya sabuni. Kufikia mchana vyoo vya jengo zima vilikuwa vinatoka povu kila vinapovutwa. Mhasibu wa ghorofa ya pili alitoka chooni amepigwa na butwaa akisema choo kinajifua chenyewe. Mzee Pua alipanda ghorofa ya nane, akagonga, akasalimia, akaliangalia zulia, akasema tu, “Shemeji, limetakata,” akashuka.

Wala hatuwezi kuacha lile chujio la kwanza linalonasa nywele na vitu vilivyoponyoka watu bafuni. Alichokinasa alikiosha na kukipanga kwenye kidirisha cha mapokezi wenyewe waje kuchukua: soksi za watoto wachanga, vifungo, herini, jino la bandia ambalo mwenyewe hakuwahi kujitokeza, ingawa sote tulijua ni nani kwa jinsi alivyoacha kucheka.

Miaka minne iliyopita mhandisi alileta vifaa vipya, kikiwemo kipima gesi kidogo cha kuvaa kifuani. Tangi likikosa hewa, maji hugeuka na kutoa gesi inayonuka mayai viza. Gesi hiyo ikizidi, huiua kwanza pua ya mtu, asiisikie tena, kisha humwangusha mwenyewe. Mzee Pua alikipokea kipima kwa mikono miwili, akashukuru, akakitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, na juu yake akatundika kofia. “Mimi nilipewa changu na Mungu,” alituambia, akijigusa puani.

Mwaka uliofuata akaugua homa. Alilala siku kadhaa, akapona, akarudi kazini amekonda kidogo. Tulimpa pole, mambo yakaendelea.

Ambacho hakutuambia, tulikuja kukisikia baadaye kwa mkewe, kwenye kikombe cha chai hapahapa ofisini. Jumamosi moja mama huyo alibandika maharage, akatoka kidogo kwa jirani. Aliporudi alikuta moshi umejaa hadi sebuleni na mumewe ameketi hatua chache kutoka jikoni, miwani puani, anasoma gazeti.

“Baba watoto! Nyumba inaungua, wewe unasoma matangazo ya vifo?”

Akainua macho, akauona moshi, akashtuka kama mtu aliyeamshwa. Akazima jiko. Halafu akachukua kitunguu, akakikata, akakiweka puani. Akachukua sabuni. Akachukua kopo la mafuta ya taa. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni akimtazama, na hapo akaelewa.

“Waambie kazini,” alimwambia.

“Nikiwaambia nimekwisha. Watanipeleka getini nikafungue magari.”

“Na usipowaambia?”

 Jumatatu Mzee Pua alishuka chini kama kawaida, akafunua kifuniko, akainama, akavuta pumzi ndefu, akasema, “Leo wameamka vizuri.” Alisema hivyo kila asubuhi kwa muda wa kama miezi miwili, bila kusikia chochote.

Siku yenyewe ilikuwa siku ya kazi, saa za asubuhi, jua limeshapanda. Mashine ya hewa ya tangi la nyuma ilikuwa imesimama tangu mwisho wa juma, na ile ya mbele ilikuwa ikinguruma kwa sauti ya kutosha zote mbili. Mzee Pua alishuka peke yake, akafunga mlango ili kelele isitusumbue huku juu, akakifunua kifuniko cha nyuma na kuinama na tochi.

Mama wa usafi, ambaye wakati huo alikuwa na mwaka mmoja tu nasi, alikuwa akishuka kuchukua dekio lake. Alipofungua mlango alipigwa na uvundo hadi machozi yakamtoka. Alimwona Mzee Pua ameinama juu ya tangi, ametulia.

“Baba! Toka hapo!”

“Kuna nini?”

“Husikii?”

“Sisikii nini?”

Hapo nami nilikuwa nimesimama juu ya ngazi, kwa hiyo maneno hayo niliyasikia mwenyewe.  Mama wa usafi alivuta pumzi huku nje, akaibana, akaingia, akamshika ukosi wa ovaroli kwa nyuma na kumburuta kama gunia. Nikavisikia viatu vya mpira vikikwaruza kila ngazi kwa papara. Walifika juu, Mzee Pua akaketi chini kando ya dawati langu, macho mekundu. Mama wa usafi alikuwa akikohoa, akilia na kumgombeza, vyote kwa pamoja.

“Una akili kweli, baba? Unainamia kitu kile? Mtu mzima?”

 Mzee Pua alisema, akimwangalia yeye tu, “Mwanangu, mimi sisikii kitu. Tangu ile homa. Ungeniwekea mzoga mapajani nisingejua.”

Mhandisi alifika, akaamuru chini pafungwe, feni kubwa zikawashwa, mtambo ukasimamishwa, vyoo vikarudishwa kwenye maji ya mji. Kisha akaja alipoketi Mzee Pua. Hatujawahi kumsikia akipandisha sauti, na hata siku ile hakupandisha.

“Kipima gesi kiko wapi?”

“Kwenye msumari.”

“Na juu yake?”

“Kofia.”

Mhandisi alitoka nje, akasimama kwenye maegesho ya magari kwa muda akitupa mgongo. Aliporudi alimwuliza kama kichwa kinamuuma, akampeleka hospitali mwenyewe kwa gari lake. Madaktari walimwangalia hadi jioni, wakamruhusu.

Maji yaliyokuwa yamehifadhiwa paani yalipimwa na hayakuwa na kasoro, kwa sababu machujio na taa ya kuulia vijidudu vya maradhi vilikuwa vikifanya kazi yake. Lakini imani ya wakazi ilikuwa imepata kasoro, na haikuwa na chujio. Uliitishwa mkutano. Baba mmoja wa ghorofa ya tisa alisimama na kuzungumza kwa uchungu, na tunakiri kwamba alikuwa na haki.

“Miezi miwili mtu anatuambia wameamka vizuri, wameamka vizuri, kumbe hajui! Wanangu wanayatumia yale maji. Mimi nasema mtambo ufungwe, turudi kwenye malori.”

Wengi walipiga makofi. Wengine walitaka mtambo ubaki, Mzee Pua aondoke. Meneja alikuwa ameandaa la kumtetea, lakini mwenyewe aliomba kusimama kabla. Safari hii hakuwa na bisibisi mfukoni.

“Sikuwa na sababu ya maana,” alisema. “Nilikuwa naona haya. Mnaniita Pua, halafu pua haipo, sasa mimi ni nani? Nikanyamaza. Kosa ni langu, na yule binti angeweza kufia mle kwa ajili yangu. Mkiniondoa, mmenitendea haki. Lakini mtambo msiufunge. Mtambo haujawadanganya, mimi ndiye niliyewadanganya.”

Mhandisi alisema naye ana lake la kujilaumu, kwamba aliacha usalama wa jengo zima ukae kwenye uso wa mtu mmoja kwa kuwa ulikuwa ukifanya kazi vizuri. Mama wa usafi aliulizwa kama ana neno. Alisema angependa kujua kile kitu kinavyofanya kazi, kwa kuwa karibu kimwue na hajui hata ni nini. Ilichukua muda watu kuelewa kwamba alikuwa akiomba kufundishwa.

Uamuzi ulikuwa huu: mtambo ubaki. Mzee Pua avuliwe usimamizi kwa miezi sita. Asishuke mtu yeyote peke yake, hata mhandisi, wala bila kipima kifuani. Na Mzee Pua awafundishe wengine kazi, akianza na mama wa usafi.

Hiyo ndiyo sehemu ya utumishi wake ambayo uongozi umeniagiza niisisitize, na ningeisisitiza hata bila kuagizwa. Alipaswa kufundisha harufu ambazo yeye mwenyewe alizibakiza kwenye kumbukumbu tu. Walishuka wawili kila asubuhi. Mama wa usafi alifunua kifuniko, Mzee Pua akasimama kando amekunja mikono.

“Niambie unasikia nini.”

“Pananuka.”

“Kila kitu kinanuka. Pananuka nini?”

“Kama… kama shimo la maua ukishalimwagilia.”

“Basi hao wamelala vizuri. Funika.”

Siku nyingine alimwambia anasikia kama kitambaa kilichokaa na unyevu kwenye ndoo, naye akamtuma akapunguze maji yanayoingia. Siku nyingine kama shaba mdomoni, wakaenda pamoja saluni. Vipima vya mhandisi vilisomwa papo hapo, na palipotofautiana walikaa kutafuta sababu. Tulizoea kuwasikia kupitia mlangoni wakibishana kama uvundo fulani ni wa kabichi au wa soksi. Baada ya mama wa usafi walifuata mlinzi wa mchana, mlinzi wa usiku na fundi umeme. Leo watu wanne jengoni mwetu, mbali na yeye, wanaweza kuuendesha mtambo, na mashine za hewa zina kengele inayosikika hadi kwenye dawati langu, tena kwa karaha kubwa. Tangu wakati huo hatujasimamisha mtambo isipokuwa kwa kuusafisha. Lori la maji halijaonekana kwenye lango letu, na majengo matatu ya mtaa huu yametuma watu wao kuja kujifunza. Yule baba wa ghorofa ya tisa ndiye huwatembeza wageni, na huieleza habari ya vijidudu kama vile alivizaa.

Miezi sita ilipokwisha Mzee Pua alirudishiwa usimamizi. Aliupokea bila maneno mengi. Kofia yake siku hizi huiacha nyumbani.

Pua yenyewe ilirudi nusunusu, tena kwa fujo. Kwa kipindi kirefu kahawa ilimnukia mpira unaoungua, na manukato mapya ya dada wa mapokezi yalimfanya apitie mlango wa nyuma. Mambo mengine hayajarudi. Binti yake alipojifungua mwaka jana, mkewe anasema, walimweka mtoto kifuani mwa babu yake, akainama juu ya utosi wake akakaa hivyo kwa muda. Kisha akamgeukia mkewe.

“Ananukia nini?”

“Maziwa,” mkewe akamwambia. “Na kitu kingine, sijui nikisemeje.”

“Jaribu.”

Mama huyo anasema alijaribu, kwa muda mrefu, na kwamba katika ndoa yao yote hawajawahi kuzungumza kwa utulivu namna ile. Alichokisema hakutuambia, nasi hatukumwuliza.

Ijumaa iliyopita Mzee Pua alikabidhi kazi rasmi. Msimamizi mpya ni yule aliyekuwa mama wa usafi, ambaye amehitimu mafunzo ya usafishaji wa maji na kupewa cheti, na ambaye tunaombwa kuanzia sasa tumwite msimamizi. Makabidhiano yalifanyika mbele ya dawati langu. Palikuwa na keki, hotuba ya meneja na hotuba ya mhandisi, ambayo ilikuwa fupi kwa kuwa alishindwa kuimaliza. Mzee Pua alitoa funguo, akazihesabu mkononi mwa msimamizi moja baada ya nyingine, akieleza kila moja ni ya wapi ingawa msimamizi alizijua zote.

“Nikikwama nikupigie simu, baba?” msimamizi alimwuliza.

“Usinipigie. Ukikwama una wenzako watatu hapa, waite.” Akafikiri kidogo. “Mimi nipigie siku mambo yakiwa mazuri.”

Kwa niaba ya uongozi, wakazi, wapangaji na wafanyakazi wote, tunamshukuru Mzee Pua kwa utumishi wake, na tunamshukuru mkewe kwa kutuazima mume. Wanawe na mjukuu wake sasa wanampata mzima mzima. Baba, upumzike vizuri, uzee wako uwe wa afya na furaha. Jumatatu asubuhi, baada ya kufunua vifuniko, msimamizi amesema atakupigia.